Daftari la kocha: besiboli inavyotufundisha kumpima mchezaji kwa haki

Kila mwaka, michezo ya UMISSETA inapokaribia, walimu wa michezo katika shule za Kibaha na Kisarawe hufanya kazi ngumu. Wanao wanafunzi wengi wanaotaka kuvaa jezi ya shule, kata au wilaya, lakini nafasi ni chache. Mara nyingi mchujo hufanyika kwa siku mbili au tatu tu. Mtoto aliyecheza vizuri siku hizo huchaguliwa. Aliyeteleza hurudi nyumbani, na pengine haitwi tena.

Je, siku mbili zinatosha kumjua mchezaji? Swali hili limewasumbua makocha wa michezo yote, lakini upo mchezo mmoja ambao umelishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kalamu na karatasi. Mchezo huo ni besiboli. Makala haya yanaeleza jinsi kocha wa besiboli anavyowatazama wachezaji wake, na jinsi mwalimu wa Maneromango au kocha wa timu ya mtaa Mlandizi anavyoweza kutumia njia hiyohiyo katika soka, netiboli au mpira wa wavu.

Besiboli kwa ufupi

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Timu moja hupiga, nyingine hulinda uwanja, kisha hubadilishana. Mrushaji wa timu inayolinda anarusha mpira mdogo, mgumu, kwa kasi. Mpigaji wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vizuri, anakimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu. Akifanikiwa kurudi mahali alipoanzia, timu yake inapata pointi moja.

Wapigaji watatu wakitolewa, timu hizo hubadilishana zamu. Kila timu ikimaliza kupiga mara moja, awamu moja imekwisha. Mchezo kamili wa watu wazima una awamu tisa.

Aliyewahi kucheza rede utotoni tayari anajua nusu ya ujuzi unaotakiwa: kurusha kwa shabaha, kudaka na kukimbia kwa wakati. Nusu ya pili, yaani kupiga mpira unaokuja kwa kasi, ndiyo ngumu. Huko ndiko somo letu lilipo.

Ulivyofika Tanzania

Tanzania haina historia ndefu ya besiboli. Mchezo huu ulianza kufundishwa shuleni mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, mtumishi wa shirika la maendeleo la Japani, JICA. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, aliwahi kufundisha besiboli nchini Ghana. Dar es Salaam mchezo ulianzia katika shule za sekondari, Azania ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na Azania ndiko ulikojengwa uwanja wa besiboli kwa msaada wa Japani.

Mashindano ya taifa ya shule yalipewa jina la Tanzania Koshien. Koshien ni uwanja maarufu wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, ambako timu za shule za sekondari za nchi hiyo hushindana kila kiangazi huku taifa zima likifuatilia. Wajapani walioleta mchezo huu hapa walisisitiza nidhamu, heshima na haki kabla ya ushindi. Mchezaji huinama kuusalimu uwanja, huwasalimu wapinzani, na hukusanya vifaa mwenyewe mchezo ukiisha.

Meneja wa besiboli si meneja wa soka letu

Hapa kwetu tukisema meneja wa timu, tunamaanisha mtu anayeshughulikia safari, jezi, chakula na leseni za wachezaji. Katika besiboli meneja ndiye kocha mkuu. Yeye hupanga nani apige wa kwanza na nani awe wa tisa, nani arushe, na lini mrushaji apumzishwe. Katika ligi za watu wazima mchezaji akitolewa harudi tena katika mchezo huo, kwa hiyo kila uamuzi una uzito.

Tofauti nyingine kubwa ni wingi wa michezo. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu mmoja, karibu kila siku. Kocha hawezi kukumbuka yote kichwani, naye hawezi kukasirika kila anapofungwa, kwa sababu hata timu bingwa hufungwa mara nyingi kwa msimu. Analazimika kuandika.

Anayeshindwa mara saba katika kumi

Kipimo cha zamani cha mpigaji ni rahisi. Hesabu mara ngapi amepata nafasi ya kupiga. Hesabu mara ngapi amepiga vizuri na kufika kituoni. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Aliyefanikiwa mara 3 katika nafasi 10 ana wastani wa 0.300, na katika besiboli huyo ni mpigaji mzuri sana.

Soma tena sentensi hiyo. Mpigaji mzuri sana hushindwa mara saba katika kumi. Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa 0.406, yaani alifanikiwa takriban mara nne katika kila kumi. Kwa miongo mingi sasa hakuna mchezaji wa ligi kuu ya Marekani aliyefikisha 0.400 kwa msimu mzima wa kawaida.

Kocha anayelijua hili hamfokei kijana aliyetoka bila kupiga mpira hata mara moja katika mchezo mmoja. Hiyo ni siku ya kawaida. Swali lake ni jingine: katika nafasi 50 au 100, kijana huyu amefanya nini?

Pigo moja kwa wiki

Hapa ndipo macho yanapotudanganya. Chukua wapigaji wawili. Wa kwanza ana wastani wa 0.300, wa pili 0.250. Kwa vipimo vya besiboli wa kwanza ni nyota, na wa pili ni mchezaji wa kawaida. Tofauti yao ni kubwa kiasi gani uwanjani?

Katika nafasi 20, wa kwanza atapiga vizuri mara 6 na wa pili mara 5. Mpigaji hupata nafasi kama nne kwa mchezo, kwa hiyo nafasi 20 ni sawa na michezo mitano. Tofauti ya nyota na mchezaji wa kawaida ni pigo moja katika michezo mitano.

Mtu aliyekaa pembeni ya uwanja hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Tena ikitokea siku ya mchujo yule wa kawaida akapiga mara mbili na nyota akakosa zote, mtazamaji ataapa kwamba amemwona aliye bora. Atakuwa amekosea, na aliyeachwa hatakuwa na pa kulalamikia. Ni daftari tu linaloweza kumtetea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipaji nacho ni mali.

Earl Weaver, aliyeifundisha Baltimore Orioles kuanzia mwaka 1968, alijulikana kwa kadi zake. Kabla ya kompyuta kuenea, aliweka kumbukumbu zinazoonyesha kila mpigaji wake amefanya nini dhidi ya kila mrushaji wa timu pinzani. Mchezaji wa akiba asiyejulikana aliweza kuanzishwa siku hiyo kwa sababu kadi zilionyesha anammudu mrushaji yule, na nyota akakaa benchi bila ugomvi kwa sababu sababu ipo kwenye karatasi.

Kutofautisha kosa, bahati na uwezo

Mwandishi wa kumbukumbu za besiboli haandiki tu kwamba pointi imepatikana. Anaandika imepatikana vipi. Mlinzi akidondosha mpira ambao angetakiwa kuudaka, hilo huandikwa kama kosa la mlinzi. Mpigaji hapewi sifa ya pigo zuri, na mrushaji hahesabiwi pointi itakayotokana na kosa hilo. Kila mtu hubeba mzigo wake.

Linganisha na soka letu la mtaani. Kipa anafungwa bao, lawama zote zinamwangukia. Hakuna anayeuliza mpira ulipotezwa wapi, nani aliacha nafasi yake, au kama shuti liligonga mguu wa beki na kubadili njia. Kipa huyo akitolewa kwenye timu, tatizo linabaki palepale. Jumapili inayofuata kipa mpya anafungwa bao lilelile.

Bahati nayo ina nafasi yake. Mpigaji anaweza kuupiga mpira kwa nguvu na usahihi ukaenda moja kwa moja mikononi mwa mlinzi. Mwingine anaweza kuugusa vibaya ukadondoka mahali pasipo na mtu. Kwa matokeo, wa pili amefaulu. Kwa uwezo, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi nzuri. Kocha makini huandika yote mawili: matokeo, na jinsi mpira ulivyopigwa.

Kumwamini aliyeteleza

Machi 2023 timu ya taifa ya Japani, chini ya meneja Hideki Kuriyama, ilicheza na Mexico nusu fainali ya Kombe la Dunia la besiboli mjini Miami. Mpigaji wake Munetaka Murakami alikuwa katika hali mbaya. Mwaka uliotangulia alikuwa ameupiga mpira nje ya uwanja mara 56 katika ligi ya Japani, idadi ambayo mzaliwa wa Japani hakuwahi kuifikia. Lakini katika mashindano haya hakuwa akipiga vizuri. Kuriyama alikuwa amekwisha mshusha kutoka nafasi ya nne hadi ya tano katika orodha ya wapigaji, lakini hakumtoa.

Katika mchezo ule wa Mexico, Murakami alishindwa mara nne mfululizo. Awamu ya tisa, Japani ikiwa nyuma kwa 4-5, wakimbiaji wawili walikuwa vituoni na zamu ikamfikia yeye. Kocha angeweza kumbadilisha. Alimwacha. Murakami akaupiga mpira hadi kwenye ukuta wa nyuma ya uwanja, wakimbiaji wawili wakarudi nyumbani, na Japani ikashinda 6-5. Siku iliyofuata iliifunga Marekani 3-2 na kutwaa kombe.

Ni rahisi kuiita bahati. Murakami angeweza kukosa tena, na leo watu wangekuwa wanamlaumu Kuriyama. Lakini uamuzi hupimwa kwa kile kocha alichokijua kabla ya mpira kurushwa. Alikuwa na msimu mzima wa ushahidi upande mmoja, na siku chache mbaya upande wa pili. Alichagua ushahidi mkubwa zaidi. Tena tazama kwamba hakuyafumbia macho matatizo: alimpunguzia mzigo kwa kumshusha nafasi moja, bila kumvunja moyo.

Kocha na wachezaji alionao

Matokeo ya timu ni ya nani, kocha au wachezaji? Casey Stengel aliiongoza New York Yankees kutwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, 1949 hadi 1953. Watu walimwita mtaalamu. Mwaka 1962 alichukua timu mpya, New York Mets, iliyokusanya wachezaji ambao timu nyingine hazikuwataka. Ilishinda michezo 40 na kupoteza 120. Mtu yuleyule, akili ileile, wachezaji tofauti.

Connie Mack aliiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50, 1901 hadi 1950. Ndiye meneja mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi kuu ya Marekani, michezo 3,731. Ndiye pia aliyepoteza mingi kuliko wote, 3,948. Alidumu kwa sehemu kwa sababu alikuwa mmoja wa wamiliki wa timu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumfukuza.

Sisi tunawafukuza makocha baada ya michezo mitatu. Kabla ya kufanya hivyo, kamati ya timu ya kijiji ijiulize: alipewa wachezaji gani? Walikuja mazoezini siku ngapi kwa wiki? Msimu wa korosho au wa kupalilia ulipofika, nani alibaki uwanjani?

Mkono wa mtoto hauna akiba

Kuna jambo moja ambalo meneja wa besiboli hatakiwi kuliacha kwa hisia, nalo ni mkono wa mrushaji. Kurusha kwa nguvu mara nyingi huumiza kiwiko na bega, hasa kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Ndiyo maana shirika la besiboli ya watoto la Marekani, Little League, limeweka ukomo. Mtoto wa miaka 9 au 10 harushi zaidi ya mara 75 kwa siku. Wa miaka 11 au 12 ni mara 85. Wa miaka 13 hadi 16 ni mara 95. Akirusha nyingi, lazima apumzike siku kadhaa kabla ya kurusha tena.

Kanuni hiyo inazuia jambo ambalo makocha wote hulijua: ukiwa na mtoto mmoja bora, unataka acheze kila mchezo, kila dakika. Katika mashindano ya shule timu inaweza kucheza leo asubuhi na kesho tena, na mfungaji hodari hapewi mapumziko. Anayechechemea anaambiwa akaze moyo. Mwalimu akiandika dakika alizocheza kila mtoto, ataona mwenyewe nani amechoka kabla mguu haujavunjika.

Somo kutoka Uganda

Majirani zetu wa Uganda wamefika mbali katika besiboli. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilishinda mashindano ya kufuzu na kupata nafasi ya kwenda Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League. Ilinyimwa viza kwa sababu ya utata wa kumbukumbu za umri na kuzaliwa kwa watoto. Walishinda uwanjani, wakashindwa kwenye karatasi.

Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifuzu na kusafiri, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo. Ilifungwa 9-3 na Panama, kisha 12-0 na Mexico. Aliyeishia hapo angesema wametia aibu. Mchezo wa tatu waliwafunga Wamarekani wa Oregon 3-2. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, vijana wa Uganda walisajiliwa na Los Angeles Dodgers, moja ya klabu kubwa duniani.

Mzazi wa Kibaha au Kisarawe achukue jambo moja hapa: cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni kifaa cha michezo kama viatu. Kitafute mapema, na majina yalingane na yale ya shuleni.

Jinsi ya kuanza daftari lako

Huhitaji kompyuta. Daftari la kurasa 48 na kalamu vinatosha, au simu yako ya kawaida kwa kuandika ujumbe na kuuhifadhi. Mchague mwanafunzi mmoja asiyecheza siku hiyo awe mwandishi. Aandike tarehe, timu pinzani, hali ya uwanja na matokeo. Kisha achague mambo machache tu ya kuhesabu.

Kwa netiboli: kila mfungaji amejaribu kufunga mara ngapi na amefunga mara ngapi. Hiki ndicho kipimo kinachofanana zaidi na kile cha mpigaji wa besiboli, na ni rahisi kukihesabu.

Kwa soka: dakika alizocheza kila mmoja, mashuti yaliyolenga goli, mipira iliyopotezwa karibu na goli letu, na kwa kila bao tulilofungwa, lilianzia wapi.

Kwa wavu: mipira ya kuanzisha iliyofaulu na iliyokwenda nje.

Kwa michezo yote: nani alikuja mazoezini. Safu hiyo moja huondoa ugomvi mwingi wa kwa nini fulani hakupangwa.

Usitoe hukumu mpaka uwe na michezo kama kumi. Ukisoma kabla ya hapo, soma kama mtu anayeangalia mawingu: yanaonyesha dalili, hayajawa mvua. Na daftari lisiwe fimbo. Yapo mambo lisiyoyaona, kama mchezaji anayewatuliza wenzake au anayeficha maumivu. Hayo kocha ayaongeze kwa maneno, karibu na namba.

Kuzungumza baada ya mchezo

Jioni ya kufungwa si wakati wa kumchambua mtu mbele ya wenzake. Kusanya timu, sema jambo moja lililokwenda vizuri na moja la kufanyia kazi wiki hii, kisha waende nyumbani. Mengine yasubiri mazoezi yanayofuata, daftari likiwa mkononi. Mwenye tatizo lake mwite pembeni, mwonyeshe alichofanya katika michezo mitano iliyopita, siyo leo tu.

Kwa shule isiyo na vifaa

Gongo, glavu na mipira ya besiboli ni ghali na si rahisi kupatikana. Lakini lipo toleo jepesi liitwalo Baseball5. Lina wachezaji watano kila upande, wavulana na wasichana wakicheza pamoja. Halina gongo wala glavu. Mchezaji hupiga mpira wa raba kwa mkono wake, na uwanja wa mita 18 kwa 18 unatosha, hata kama ni kichanja cha mchanga nyuma ya madarasa. Mchezo huu umewekwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2026 mjini Dakar, Senegal.

Mwalimu anayetaka kuujaribu anahitaji mpira mmoja, alama nne za vituo, na mwanafunzi mmoja wa kuandika. Aanze na huyo wa kuandika.